Chai ya Kuku wa Navakholo

Mkisikia mtu akisema kuna msichana wa Kakamega mjini aliyewafundisha wakulima wa Navakholo kuwapa kuku chai ya tangawizi, msiulize ni nani. Ni mimi. Nimeamua kuwasimulia mwenyewe kwa sababu mkasa huu umezunguka sana na kila unapozunguka unaongezewa sukari, juzi nimesikia eti kuku walipewa na mandazi. Mandazi hayakuwepo. Aibu ilikuwepo, tena ya kutosha, haihitaji kuongezewa.

Kazi yangu, kwa wale wasioijua (mama yangu huwaambia watu kwamba mimi "hukaanga na kompyuta," yaani hukaa nayo tu kutwa), ni kusimamia vipindi vya sauti vya wakulima. Wataalamu wanarekodi mafunzo, huyu wa mahindi, huyu wa miwa, huyu wa kuku, mimi nayapokea, nakata vikohozi na milio ya pikipiki, nabandika muziki wa kufungulia, nayapa namba, halafu kila Jumatatu mchana nayaweka kwenye hifadhi yetu ya mtandaoni. Kutoka hapo wenye maduka ya agrovet, yale ya mbegu na dawa za mifugo, wanayachukua kwa simu zao, wanayanakili kwenye memori kadi za vile viredio vidogo vya vikundi vya wakulima, na siku ya soko wengine wanayapiga kwa spika mlangoni pa duka. Kwa hiyo faili ikitoka kwangu Jumatatu, kufikia Jumatano imeshaingia kwenye majiko ambayo mimi sitayaona maisha yangu yote. Nilikuwa najivunia sana jambo hilo. Nilikuwa nalitaja hata kwenye harusi za watu.

Msemaji wetu wa kuku ni Daktari Shivachi, daktari wa mifugo mstaafu anayeishi Lurambi, mzee mrefu, mpole, anayevaa sweta hata jua likiwaka, na ambaye wakulima wanamwamini kuliko wanavyotuamini sisi wenye ofisi. Aliwahi kuwaambia waweke jivu kwenye viota ili kuondoa viroboto, wakaweka, viroboto wakaondoka, basi imani ikakaa. Shida (kwangu, si kwao) ilikuwa namna anavyozungumza. Husafisha koo mara mbili kabla ya kila sentensi kama mtu anayebisha mlango, halafu anasema polepole, "Mkurima mwenzangu," na kila fundisho analimalizia kwa "tuelewane." R na l zake hubadilishana viti zinavyotaka (sijidai, hata zangu hubadilishana nikiwa nyumbani). Sasa mimi ndiye ninayemsikiliza masikioni saa nzima-nzima kila wiki, nakata, narudia, nakata tena, mpaka sauti yake ikaingia kwenye koo langu bila kualikwa, na siku moja nikagundua kwamba naweza kumwiga. Si kumwiga kidogo. Nikifunga macho nilikuwa najisikia nimevaa sweta.

Alhamisi moja Metrine, tunayefanya naye kazi, alikuwa amerudi kutoka kumzika shangazi yake, na tangu asubuhi alikuwa ameketi tu akiangalia kioo cha kompyuta iliyozimwa. Nikasema nimchekeshe. Ningemwigia Daktari pale pale mezani, dakika mbili, angecheka, tungeendelea na kazi, na leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini niliamua jambo moja dogo tu: nikasema ngoja niirekodi vizuri. Nikaingia kwenye kile chumba chetu cha kurekodia (ni stoo iliyotundikwa mablanketi ukutani, msifikirie makubwa), nikawasha maikrofoni, nikasafisha koo mara mbili, nikasema:

"Mkurima mwenzangu, kuku ni mtu mzima. Usimwamshe kwa kelele. Asubuhi mpe chai ya rangi, iwe vuguvugu, na tangawizi kidogo ya kufungua kifua. Jogoo asarimiwe kwanza, maana ndiye mwenye boma. Na kuku aliyeacha kutaga usimuulize mbele ya wenzake. Mpereke kando, mfungurie redio asikilize habari. Tuelewane."

Kisha, kwa sababu mtu akijua kazi yake hawezi kuiacha nusu, nikabandika na muziki wa kufungulia, nikaweka na ule wa kufungia, nikapandisha sauti kidogo ikae vizuri, nikaiita "Daktari 14 mpya." Metrine alicheka mpaka akalia, na akilia vile akaniambia asante, na mimi nikatoka pale nikijiona mtu mwema.

Kipindi chenyewe cha kumi na nne, kile cha kweli, kilikuwa kwenye folda hiyo hiyo, kimeitwa "Daktari 14." Kilikuwa kipindi muhimu. Daktari alikuwa anaeleza chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoweza kufagia banda zima kabla ya wiki kwisha, na alikuwa amewatajia wakulima kwamba chanjo itafika kwenye maduka Jumamosi, siku ya soko, na waje na chupa safi. Sasa katika ofisi yetu neno "mpya" maana yake ni faili iliyokwisha kusafishwa, iliyo tayari kutoka. Jumatatu saa saba kasoro nilikuwa na njaa, kibanda kilicho nyuma ya ofisi huishiwa mapema na mrenda, ile mboga ya kuteleza, na mimi sili obusuma (ugali wetu) na sukuma wiki kama mrenda upo, nikafungua folda, nikaona "mpya," nikaituma, nikafunga kompyuta, nikaenda kula. Sikuisikiliza. Mrenda niliupata, na ulikuwa mtamu, hilo nalo ni la kweli.

Jumanne ikapita kimya. Jumatano asubuhi akanipigia Mama Respa, mwenye agrovet kule Navakholo, mwanamke asiye na mchezo, anayeandika kila kitu kwenye daftari.

"Mulembe, mama," akasema. "Nimepiga tu kuwaambia kwamba kipindi cha wiki hii watu wamekipenda sana. Vikundi vinne vimeshachukua. Lakini wananiuliza swali na mimi sina jibu."

"Uliza tu, Mama Respa."

"Hiyo chai, iwe na sukari ama bila?"

Sikuelewa. Nikamuuliza chai gani. Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayesoma kwenye daftari: chai ya rangi, vuguvugu, tangawizi kidogo. Akasema mama mmoja jirani yake amekuwa akiwapa kuku wake tangu jana, majirani wanamcheka kwenye ua lakini yeye amewaambia Daktari Shivachi hajawahi kumdanganya.

Nikasema nitampigia. Nikakata simu, nikafungua ile faili, nikasikia muziki wa kufungulia, kisha koo langu likisafishwa mara mbili. Nikaifuta kwenye hifadhi haraka haraka, nikaweka ile ya kweli mahali pake, na hapo, mkono ukiwa bado juu ya kipanya, ndipo nilipoielewa kazi yangu kwa mara ya kwanza: ile njia niliyokuwa najivunia huenda upande mmoja tu. Naweza kuondoa faili kwangu. Siwezi kuingia jiko la mtu Navakholo nikaitoe kwenye kiredio, wala siwezi kuitoa kwenye sikio lake.

Hadi hapo lilikuwa kosa la kijinga, na kosa la kijinga mtu husamehewa. Kilichofuata ndicho ninachokionea aibu hadi leo. Nililazimika kuandika ujumbe kwenye grupu ya wenye maduka, kuwaomba wafute kile cha kwanza na wachukue kipya. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Niliandika, "Mimi nilifanya mzaha," nikaufuta. Mwisho nikatuma hivi: "Kipindi cha 14 kilikuwa na makosa ya msemaji. Tafadhali kifuteni, chukueni kilichorekebishwa." Makosa ya msemaji. Angalieni maneno hayo yalivyo safi. Sikusema uongo (nilijiambia), kwa kuwa kweli msemaji alikosea, na msemaji alikuwa mimi. Lakini nilijua vizuri sana kila mtu atamfikiria nani.

Mchana huo, mkubwa wetu wa ofisi, mama mmoja mtaratibu tunayemwita Madam, akaniita akaniuliza kumetokea nini, maana alikuwa ameuona ujumbe na maswali ya wenye maduka kuhusu chai. Nikamwambia, "Daktari alichanganya maneno kidogo." Akanitazama. "Kuhusu chai?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akasema maskini, umri nao, ngoja nimpigie nimjulie hali. Metrine alikuwa mlangoni amebeba karatasi na alisikia yote. Tulipobaki wawili aliniambia, "Usinifanye nijute kucheka." Siku hiyo hatukuongea tena.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kwenda Lurambi kurekodi kipindi cha kumi na tano. Nilikwenda. Nilijiambia nitamwambia tukishamaliza kurekodi, halafu nikajiambia pengine hajasikia lolote na hakuna haja ya kumwambia. Mke wake, Mama Truphosa, alinifungulia, akaniketisha, akaniletea chai na ndizi za kuchemsha, na Daktari akatoka chumbani bila karatasi zake. Huwa ana karatasi, zimeandikwa kwa kalamu ya wino, zimepangwa. Siku hiyo alikuwa amebeba daftari moja tu, akaliweka mezani mbele yangu.

"Hizi ni kazi zangu zote za kuku," akasema. "Mpe mtu mwingine asome. Mimi nimefika mwisho."

Nikamuuliza kwa nini, na nilikuwa najua kwa nini.

"Nimesikia kile kipindi," akasema. "Kinyozi wangu aliniuliza habari ya kusalimia jogoo, nikafikiri ananitania. Jirani akanifungulia kwenye simu yake. Nimekisikiliza mara tatu. Ni sauti yangu. Sikumbuki kusema maneno yale, nimejaribu sana kukumbuka, lakini ni mimi. Halafu na mkubwa wenu akanipigia, kwa adabu sana, akaniambia nipumzike." Akavuta mikono ya sweta yake. "Kaka yangu mkubwa alianza hivi hivi. Alianza kwa kusema maneno asiyoyakumbuka. Mwishoni hakunijua mimi."

Mnafikiri nilisema hapo? Sikusema. Nilikunywa chai. Nilimwambia kwamba kila mtu husahau, Daktari, usijali, maneno ya kipuuzi kama hayo, na nikala na ndizi moja kwa sababu Mama Truphosa alikuwa ananiangalia. Kisha nikachukua lile daftari, nikaaga.

Mama Truphosa alinisindikiza hadi langoni. Tulipofika akashika lango bila kulifungua, akasema polepole ili sauti isirudi ndani, "Tangu Jumatano anaandika majina ya wajukuu kwenye karatasi, kisha anaificha, kisha anayataja kwa kichwa na kuangalia kama amepata yote. Amepata yote. Lakini haachi. Jana aliniuliza kama amewahi kuniambia jambo la ajabu nikamficha."

Nikamwambia, "Mama, naomba turudi ndani."

Daktari alikuwa bado ameketi pale pale. Nilibaki nimesimama, maana sikuona kama nina haki ya kile kiti tena, nikasema yote kwa pumzi moja, Metrine na msiba wake, maikrofoni, jina la faili, mrenda, ujumbe wa makosa ya msemaji, na nilivyomjibu Madam. Nilipomaliza hakukasirika. Hakuniamini. Alinitazama kama mtu anayeonewa huruma, akasema, "Msichana wangu, una moyo mzuri, lakini usibebe kosa langu."

"Si lako, Daktari. Ile sauti ni mimi."

"Basi fanya nisikie."

Nimepitia mengi, nimewahi kuanguka kanisani nikiwa nimebeba sahani ya sadaka, lakini sijawahi kuona jambo gumu kama lile. Kumwiga mtu akiwa hasikii ni rahisi. Kumwiga akiwa ameketi mbele yako, mke wake ameegemea mlango, na anasubiri kwa hamu kama mgonjwa anayesubiri majibu, hilo sikutakii. Nikasafisha koo mara mbili. "Mkurima mwenzangu, kuku ni mtu mzima." Nikaendelea hadi redio na habari. Hadi tuelewane.

Ng'ombe wa jirani akalia. Daktari akamgeukia mke wake.

"Mimi husafishanga koo hivyo?"

"Kila siku," Mama Truphosa akasema. "Tangu unioe."

Akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikadhani analia. Alikuwa anacheka, nafikiri, au vyote viwili. Mama Truphosa akaketi, akatazama sakafu, akasema asante Yesu, taratibu tu, kama mtu aliyetua mzigo. Lakini Daktari alipoondoa mikono usoni, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Jumatano ulijua," akasema.

"Ndiyo."

"Na jana ulijua."

"Ndiyo, Daktari."

"Na leo umekunywa chai yangu ukijua."

Nikatazama kikombe changu mezani.

"Kunicheka si kitu," akasema. "Nimefanya kazi na ng'ombe maisha yangu yote, nimechekwa na watu wazima nikiwa nimezama hadi begani ndani ya ng'ombe. Lakini hizo siku, hizo ulizoniacha nazo, hizo ni nyingi." Akanyoosha mkono, nikamrudishia daftari lake. "Kesho ni soko Navakholo. Utakuja, na utawaambia wewe mwenyewe. Si kwa ujumbe."

Kabla sijalala nilimpigia Madam nikamwambia. Alisikiliza yote, akasema tutaongea Jumatatu, na kwa jinsi alivyosema nilijua kuna barua.

Jumamosi tulikwenda. Mbele ya agrovet ya Mama Respa kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia, wanawake kwa wanaume, baadhi na chupa safi mikononi, namshukuru Mungu kwamba kile kipindi cha pili kiliwafikia. Wengine walikuja bila chupa, hawakukisikia, na hao kila nikiwatazama nilijua kwamba wamekosa kwa sababu yangu. Mama Respa akanipa maikrofoni ya spika yake bila kunitazama usoni. Nikawasalimu. Nikawaambia Daktari Shivachi hakusema neno hata moja kuhusu chai, aliyesema ni mimi, nilikuwa namwiga kwa mzaha, nikakosea nikawatumia, na nilipojua nimekosea nikaandika maneno ya kufanya ionekane ni yeye. Spika ilikuwa kubwa. Sauti yangu ilikwenda hadi kwa wauza miwa, na wakaacha kukata wakasikiliza.

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu mama mmoja wa makamo, aliyejifunga leso kichwani, alikuwa amesimama mbele na yeye hacheki. Nilijua ni nani kabla hajasema.

"Kwa hivyo mimi nimekuwa nikiamka kuwachemshia kuku chai bure," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na jogoo nilimsalimia."

"Nisamehe, mama."

"Watoto wangu waliniona." Alisema hivyo tu, akaifunga leso yake vizuri, akarudi nyuma. Nilimwona baadaye akichukua chanjo, nikamfuata nikamwomba tena, akaniambia amenisamehe lakini nisimfuate-fuate. Nami nikaacha.

Kuna mzee aliyepaza sauti akisema kuku wake wamekunywa na wametaga kuliko zamani, kwa hivyo aachwe aendelee. Daktari akamjibu kwamba hao walikuwa na kiu tu, hawapewi maji. Kijana mmoja akaomba nimwige Daktari kidogo, hapo kwenye spika, watu wasikie. Wengi wakaunga mkono. Nikamrudishia Mama Respa maikrofoni. Daktari akaichukua, akasafisha koo (mara moja, nikaona amejizuia ya pili), akaanza kueleza habari ya kideri, na watu wakanyamaza kabisa.

Barua ya onyo niliipata, na iko kwenye faili yangu ofisini, na niliistahili. Metrine tunaongea, ilichukua muda. Siku hizi hakuna faili inayotoka kwangu kabla sijaisikiliza mwanzo hadi mwisho, hata kama ni ya nusu saa, hata kama nina njaa, na kama nimekosea naandika "nimekosea," jina langu likiwa chini. Kuiga watu nimeacha. Kwenye harusi bado wananibembeleza, nawaambia koo linauma.

Na Daktari bado anaturekodia. Hakunisemesha sana kwa miezi kadhaa, mambo ya kazi tu, lakini daftari hakulileta tena mezani. Kitu kimoja tu kimebadilika kwenye vipindi vyake. Kabla ya mkurima mwenzangu, kabla hata ya kusafisha koo, husema kwanza tarehe ya siku hiyo, kisha anasema, "Huyu ni Shivachi mwenyewe, na leo nina akili zangu zote." Wakulima wanafikiri ni utani, wanaupenda. Mimi ndiye ninayekata vikohozi na milio ya pikipiki na yote yasiyohusu kuku. Sentensi hiyo haihusu kuku. Sijaikata hata mara moja.